Mti Uliovaa Sare Yetu

"Simamisha gari! Mtoto anavuja damu!"

Hapo ndipo tulipowaacha wiki iliyopita. Gari liko katikati ya mbuga, Bibi amemshika mjukuu wake shingoni, kiganja chake chekundu kimelowa chapachapa, na Dereva amesimama ghafla mpaka chupa ya chai imetoka siti ya nyuma ikatua siti ya mbele. Uliyekosa, muulize jirani yako. Hapa hatumsubiri mtu.

Fundi aliruka siti kama mbuzi aliyeona bustani ya watu iko wazi. Akamnyakua mtoto, akamgeuza huku, akamgeuza kule, akaifuta ile shingo, akatafuta jeraha. Hakuna jeraha. Akanusa vidole.

"Mama," akasema taratibu, "hii ni tomato sosi."

"Tomato nini?"

"Sosi. Ya chipsi."

Bibi akaonja kidole chake mwenyewe. Akajiweka sawa, kama hakimu aliyegundua amebeba faili la kesi nyingine.

"Na ni ya pilipili," akasema. "Nani anampa mtoto wa miaka mitatu sosi ya pilipili?"

Mnamwona? Huyo ndiye Bibi. Akikosa damu, atatafuta pilipili.

Na Fundi hakuwa na ubavu wa kumjibu, maana mnajua nini kimewaleta porini. Fundi ni mshona nguo, ana duka lake la cherehani tatu, na mwezi ujao anaolewa na Dereva. Dereva ni mgane. Watoto wake wawili, tangu mama yao afariki, wamelelewa na Bibi, mama wa marehemu. Bibi hakuipinga harusi. Alifanya jambo baya zaidi: aliweka mtihani.

"Olewa hata kesho," alimwambia Fundi. "Lakini wajukuu zangu simkabidhi mtu ambaye sijamwona akihangaika nao. Twendeni wote porini, tena mkwe wangu gari analo la kampuni. Tukirudi nimeridhika, watoto ni wako. Nisiporidhika, utaolewa na baba yao peke yake."

Peke yake! Hilo ndilo lililomkausha Fundi mate. Kwa sababu, na msimwambie Dereva, Fundi aliwapenda wale watoto kabla hajampenda baba yao. Ndio waliotangulia kuja dukani kwake, wakimsubiri baba asiyejua saa. Wa kike, miaka sita, anaitwa Wakili, anakaa juu ya meza ya kukatia na kubishana na wateja kuhusu vipimo vya viuno vyao. Wa kiume ni Bosi, kwa kuwa hatembei kama kuna mgongo wa mtu karibu. Yeye analala chini ya meza, juu ya vipande vya vitambaa. Baba yao alikuja baadaye, kama begi linalomfuata abiria.

"Haya, tuendelee," Dereva akawasha gari. "Mbele kuna viboko."

"Ulisema mbele kuna simba," Wakili akasema. "Tukaona jiwe."

"Lilikuwa na sura ya simba."

"Lilikuwa jiwe, Baba."

Dereva akafungua mdomo ajitetee. Hakuwahi.

"Mamaaaa!"

Safari hii haikuwa sosi. Bibi alinyanyuka kwenye siti kama mtu aliyekalia pasi ya moto, mkono mmoja mgongoni, mwingine umeshika koti la mkwe wake.

"Nimechomwa! Nimechomwa sindano! Nani ana sindano humu? Fundi!"

"Mama, sindano zangu ziko kwenye mkoba!"

"Basi zimetoka!"

Fundi akatazama mgongo wa Bibi. Nzi mkubwa, mkavu, wa kahawia, amekunja mabawa yake moja juu ya jingine, ametulia pale kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka. Akampiga kibao. Nzi hakufa. Alisogea kidogo, akaendelea.

"Mbung'o," Dereva akasema. "Pandisheni vioo!"

Vioo vikapanda. Lakini mbung'o hawakuja kwa vioo, walikuja kwa juu. Lile paa la gari, lile linaloinuliwa ili watu wasimame watazame wanyama, lilikuwa wazi, na lilikataa kushuka. Dereva akalivuta. Akalitukana. Akasimama kwenye siti akachungulia kwenye reli.

"Nani amepachika twiga wa plastiki hapa?"

Wote wakamtazama Bosi.

"Amelala," Bosi akasema.

Twiga alikuwa amelala kweli, tena kwa ndani kabisa, na hakuna kidole cha mtu mzima kingemfikia. Paa likabaki wazi. Mbung'o wakaingia mmoja, wakaingia kumi, halafu ikawa hakuna haja ya kuhesabu.

Dereva akakanyaga mafuta. Gari likaruka mashimo, watu wakapigana makofi: huyu anampiga huyu mgongoni, yule anampiga yule kichwani, Wakili amepata nafasi aliyoingoja muda mrefu ya kumpiga mdogo wake kihalali.

Cha ajabu, Dereva mwenyewe hawakumgusa. Alikuwa na koti lake la kazi, rangi ya vumbi, ametulia kama hayumo safarini.

"Mbona wewe hawakuumi?" Bibi akamfokea.

"Damu yangu chungu, Mama."

"Hilo najua tangu ulipomuoa mwanangu!"

Ndipo Wakili, ambaye pua yake ilikuwa imebandikwa kwenye kioo, akasema, "Anti, tazama. Ule mti umevaa sare yetu."

Hakuna aliyemsikiliza.

"Anti! Mti umevaa gauni langu!"

Fundi akageuka. Kando ya barabara, kwenye tawi, kilining'inia kipande cha kitambaa kimewambwa kwenye fito. Bluu iliyokolea katikati. Nyeusi pembeni.

Akatazama gauni la Wakili. Bluu iliyokolea katikati. Nyeusi pembeni. Akatazama shati la Bosi. Akatazama gauni la Bibi la mikono mipana, lile aliloligharimia usingizi. Akajitazama mwenyewe.

Mnakumbuka zile sare. Fundi alizishona kwa siri, familia nzima, ili Bibi aone kwamba watu hawa wamekwishakuwa kitu kimoja. Walitoka alfajiri wamejizungushia mablanketi kwa baridi. Waliposimama kula asubuhi, jua limetoka, wakayavua mablanketi na kuyakabidhi kwa gari la mizigo linalotangulia kambini. Wakasimama kwa mstari mbele ya Dereva: tazama! Dereva aliangalia, akameza mate. Shati lake alilopewa akalikunja, akalisukuma chini ya siti.

Fundi alidhani ni mapenzi.

"Dereva," akamwita sasa. "Ile ni nini pale mtini?"

Dereva akajifanya anasikiliza injini.

"Baba, unaulizwa," Wakili akasema.

"Ile... ni mtego."

"Mtego wa nini?"

"Wa mbung'o." Akakohoa. "Wanapenda sana bluu. Wakiona bluu wanakuja, wakiona nyeusi wanatua. Kwa hiyo watu wa mbuga wanatundika kitambaa cha namna hiyo, wanakitia dawa, mbung'o wanajileta wenyewe."

Mbung'o waliendelea na kazi.

"Ngoja nielewe," Bibi akasema. Alisema kwa upole, na mliokwisha kuisoma hadithi hii mnajua upole wa Bibi ni king'ora. "Mtu ambaye anataka nimpe wajukuu zangu, amewashonea wajukuu zangu mtego?"

"Mama, mimi sikujua..."

"Na mimi mwenyewe nimevalishwa mtego. Wa mikono mipana!"

"Mama..."

"Kitambaa hiki ulikichagua wewe?"

Hapo sasa. Kile kitambaa Fundi hakukichagua. Kililetwa dukani na Dereva, robota zima, kimekunjwa ndani ya tairi la akiba, na maneno matamu juu yake: "Zawadi, mpenzi. Rafiki yangu kanigaia. Tushonee mapazia ya nyumba yetu." Fundi aliona bluu ile, akaona ni dhambi kuitundika dirishani wakati kuna watoto wa kuvaa.

Akaitazama shingo ya Dereva kutoka nyuma. Akaingoja iseme. Shingo nzuri, pana, imenyolewa vizuri. Ikakaa kimya.

"Nilikichagua mwenyewe, Mama," Fundi akasema. "Sokoni."

Na Dereva, badala ya kuishia hapo na kumshukuru Mungu wake, akacheka kidogo.

"Mafundi, bwana," akasema. "Wakiona rangi, akili inahama."

Fundi alihisi kitu kinamkatika kifuani, kama uzi unavyokatika mashine ikiwa kwenye mwendo. Sindano inaendelea kushuka na kupanda, lakini hakuna kinachoshonwa.

Angesema neno lisilofutika. Ila Bosi alilia, mbung'o yuko kwenye kope lake, na Fundi akaacha mambo ya shingo akashughulika na ya kope.

"Wote vueni!" akaamuru.

Shati la Bosi likaenda. Gauni la Wakili likaenda, likifuatwa na malalamiko. Watoto wakabaki na chupi. Fundi akavua kilemba chake, kitambaa chepesi cha kijivu, akamfunika Bosi mwili mzima. Kisha akalivua gauni lake, akabaki na shimizi. Nguo zote akazitupa siti ya nyuma kabisa.

Basi mngeona! Mbung'o waligeuza. Wote, kama wageni waliosikia chakula kimepakuliwa chumba cha pili, wakahamia kwenye lile rundo.

Isipokuwa wale waliokuwa kwa Bibi.

"Mama, na wewe," Fundi akasema.

"Mimi nini?"

"Vua."

"Nivue!" Bibi alipiga kelele mpaka swala wa pembeni wakakimbia. "Mbele ya mkwe! Mtu aliyemuoa mwanangu anione na sketi ya ndani! Bora niliwe hapa hapa, mnizike na sare!"

"Nisimame nishuke kidogo?" Dereva akauliza.

"Kuna nyati pale," Wakili akasema.

"Mwache ashuke," Bibi akasema.

Hakushuka. Ila kioo cha ndani kiligeuzwa kikatazama paa, na Bibi akatoa masharti: "Ukigeuka, nakulaani wewe na ekseli za gari lako."

Sasa avae nini? Mabegi yametangulia kambini. Shuka hakuna. Fundi akazungusha macho ndani ya gari, na macho ya mshona nguo hayaoni siti, yanaona kitambaa kilichovalishwa kitu. Kila siti ilikuwa na kava la turubai, rangi ya mchanga. Akafungua mkoba. Wenzake hubeba lipstiki. Yeye alibeba mkasi, uzi na sindano.

"Unafanya nini na mali ya kampuni?" Dereva akauliza, aliposikia turubai likichanika.

"Tazama mbele!" wanawake wawili wakamjibu kwa pamoja.

Gari likiwa linaruka mashimo, Fundi alifungua mishono ya makava mawili, akaunganisha bega, akaunganisha ubavu, Bibi amejikunyata katikati ya siti mbili na sketi yake ya ndani. Sindano haikumgusa hata mara moja. Bibi aliliona hilo. Aliona pia mkono unaoshona umevimba mapele ya mbung'o kuanzia kiwiko hadi bega, kwa sababu mwenye mkono alivua wa mwisho kati ya wale watatu.

"Marehemu mume wangu naye alikuwa hivyo," Bibi akasema ghafla, chini chini.

"Hivyo vipi, Mama?"

"Akijamba yeye, anamtazama mtoto."

Sindano ikasimama.

"Mama, unaongelea nini?"

"Naongelea unavyoitazama ile shingo kama unataka kuichukulia vipimo vya sanda. Shona."

Fundi akashona. Alipokata uzi kwa meno, Bibi akageuka kuonyesha vazi, na Wakili, aliyeanza kujua kusoma mwaka huu na hataki kupumzika, akausoma mgongo wa bibi yake kwa sauti.

"Fu-nga m-ka-nda."

"Nini?"

"Imeandikwa mgongoni kwako, Bibi. Funga mkanda."

Bibi alicheka. Naapa alicheka, meno yote nje. Fundi akacheka naye, wakacheka mpaka Bosi akaamka, akawaona, akaona hawana jambo la maana, akalala tena. Na moyoni mwa Fundi ikaingia tamaa ndogo: mtihani bado haujaisha.

Haukuisha kweli. Mbele kulikuwa na ubao umekata barabara.

Waliofika mbuga zenye mbung'o wanaujua ubao huo. Gari likitaka kutoka upande wa nzi kwenda upande wa ng'ombe na mashamba, lazima lisimame likaguliwe. Kuna kibanda cha bati, kuna pikipiki imeegemezwa, na kuna bwana mwenye wavu mdogo wa kukamatia nzi. Huyu wetu alikuwa mrefu, mwenye macho ya kuchoka, na aliutembeza wavu wake kwa heshima zote kama anabariki gari.

"Shukeni wote," Mkaguzi akasema.

Akashuka Wakili na chupi yake. Akashuka Fundi na shimizi. Akashuka Bibi, kifua mbele, ndani ya turubai. Mkaguzi aliwatazama mmoja mmoja, akaamua kwamba kazi yake ni nzi tu.

Akafungua mlango wa nyuma. Akaliona rundo.

Mbung'o walikuwa wamelifunika mpaka bluu haionekani. Mkaguzi akapuliza dawa, akangoja, akakung'uta, akaliinua gauni la mikono mipana juu kwenye mwanga. Akachunguza pindo. Palikuwa na uzi mweupe umepita ukingoni mwa kitambaa, mwanzo hadi mwisho.

"Nani mwenye hizi nguo?"

"Mimi nimezishona," Fundi akasema. "Zina nini?"

"Zina ushonaji mzuri." Akalilaza gauni juu ya boneti. "Na ni kitambaa chetu. Cha mitego. Uzi huu mweupe tunawekewa sisi tu. Robota limepotea stoo, tumelitafuta mpaka tumesingiziana wenyewe kwa wenyewe. Bahati yenu lilikuwa halijatiwa dawa."

"Dawa ya nini?" Bibi akauliza.

"Ya kuua."

Bibi akajishika kifua, pale kwenye turubai.

"Sasa nauliza kwa ustaarabu," Mkaguzi akasema. "Limefikaje kwako?"

Fundi akamgeukia Dereva. Dereva alikuwa anakagua tairi ambalo halikuwa na tatizo.

"Muulize fundi mwenyewe," akamwambia lile tairi. "Mimi ni dereva tu. Nimepakia abiria."

Abiria!

"Mimi nina ushahidi," Wakili akasema, na kidole juu. "Kilikuwa ndani ya..."

Kiganja cha Bibi kikamziba mdomo.

"Wewe huwezi kumsema baba yako," Bibi akamwambia. "Watu wazima tupo." Kisha akamgeukia Fundi. Hakukuwa na kicheko tena. "Sema. Lakini usikie vizuri: ukidanganya tena kwa ajili ya mtu, hupati hata soksi ya mjukuu wangu. Sitaki mlezi atakayewafundisha kubeba mizigo ya wasiojibeba."

Jamani, mwekeni Fundi mizani. Akisema ukweli, anampoteza bwana harusi, kadi zimekwishagawiwa, na gauni jeupe liko dukani limevalishwa sanamu. Akisema uongo, anawapoteza wale wawili wa meza ya kukatia. Na mmoja wa hao wawili yuko pale, mdomo umezibwa, macho yamemtoka, anamtazama.

"Dereva," akasema, "nakupa nafasi. Sema mwenyewe."

Dereva akatazama mawingu kama anatafuta mvua.

"Basi nasema mimi. Kitambaa aliniletea yeye, akasema kagaiwa na rafiki. Akaniambia nishone mapazia."

"Mapazia, ndiyo!" Dereva akalipuka. Mshipa umemsimama kwenye ile shingo. "Mapazia! Nilisema mapazia, ya ndani, hayaonwi na mtu! Nani alikutuma uvalishe watu kumi hapa ukawapitishe mbele ya macho ya wenye mali yao?"

Upepo ukapita. Nzi mmoja akapita.

Dereva akausikia mdomo wake mwenyewe, kwa kuchelewa kidogo.

"Tuko watano tu," Wakili akasema, maana kiganja kilikuwa kimelegea.

Mkaguzi akaweka wavu chini. Bibi akavuta pumzi ndefu, akamsogelea Fundi, akamshika ule mkono uliovimba.

"Watoto nakukabidhi," akasema. "Leo, hapa, shahidi huyu bwana wa nzi. Hilo limekwisha. Huyu mwingine," akamwonyesha mkwe wake kwa kidevu, "sikukabidhi. Huyu utaamua mwenyewe kama unamtaka."

Machozi yakamtoka Fundi. Akamkumbatia Bibi, turubai na vyote, akamvuta Wakili katikati yao, na kwa muda mfupi sana, muda wa kupepesa macho tu, alikuwa mwanamke mwenye bahati kuliko wote walio katika nguo za ndani.

Mlango wa gari ukafungwa kwa kishindo.

Injini ikanguruma.

"We! We!" Mkaguzi akapiga kelele.

Mbele kulikuwa na ubao. Kwa hiyo Dereva hakwenda mbele. Alikata usukani, akazungusha gari kwenye vumbi, akarudi alikotoka: porini. Kofia yake ikabaki chini.

"Mwacheni aende!" Bibi akapiga makofi. "Aende akaishi na nyati, wanafanana! Fundi, usilie, gari si letu."

"Silii, Mama." Na kweli alikuwa anacheka. "Nampungia."

"Anti," Wakili akasema.

"Nini, mama?"

"Bosi hajashuka."

Kicheko kikakauka.

Bosi. Siti ya katikati, chini ya kilemba cha kijivu, usingizi wa watu wasiodaiwa. Hakuna aliyemwamsha. Ndani ya gari lenye paa wazi, na baba anayeendesha kama anayefukuzwa na dunia, na hajui, yule mjinga hajui kabisa kwamba ana mtoto nyuma.

Fundi hakupiga kelele. Alikuwa amekwishaikalia pikipiki ya Mkaguzi.

"Hapana, dada!" Mkaguzi akaruka mbele yake. "Pikipiki hairuhusiwi kule ndani! Kuna wanyama!"

"Na kuna mwanangu."

Bibi akapanda nyuma yake bila kuulizwa.

"Wakili, kaa na mjomba huyu wa nzi!" akaamuru.

"Lakini mimi nina haki ya..."

"Kaa!"

Pikipiki ikaruka kama panya aliyemwagiwa maji ya moto. Mkaguzi akawakimbilia anapunga wavu, anasema jambo, anaonyesha gurudumu la nyuma, anasema tena. Upepo ukayala maneno yake.

"Ulijifunza wapi kuendesha hiki kitu?" Bibi akapiga kelele sikioni mwa Fundi.

"Cherehani, Mama! Mguu na mkono, ni kitu kile kile!"

"Mungu wangu!"

Wakalifuata vumbi. Kona ya kwanza, hakuna gari. Kona ya pili, hakuna. Ya tatu ikawa mteremko mrefu, mkali, wa mchanga, na chini yake, katikati ya barabara, gari limesimama.

Mlango wa dereva uko wazi. Siti yake tupu. Dereva haonekani kushoto, haonekani kulia.

Kwenye paa lililo wazi, kichwa kidogo na mabega wazi, amesimama Bosi. Mzima. Hana hata mchubuko. Fundi alipaza sauti kumwita, na mtoto akageuka, akawaona, akafurahi, akaweka kidole mdomoni.

"Shhh," akasema, anaonyesha chini, upande wa kivuli. "Paka kalala. Wengi."

Kwenye kivuli cha gari, mkia mmoja wa rangi ya mchanga ukainuka, ukapiga ardhi.

Fundi akakanyaga breki.

Akakanyaga tena.